Gramu Ishirini Zinavyoweza Kuua Mashine ya Kusaga

Katika kijiji kimoja kisicho mbali na Nduta, wilayani Kibondo, mwenye mashine ya kusaga aliona kwamba unga unatoka pole pole, na tena unatoka ukiwa moto. Alifungua kifuniko akakuta nyundo 3 kati ya 16 zimelika pembe zake kuliko nyingine. Akazitoa hizo 3, akatia mpya za chuma kizuri, akafunga kifuniko na kuwasha injini. Mashine ilianza kutikisika kwa namna ambayo haijapata kutikisika. Alidhani bolti zimelegea, akazikaza. Baada ya majuma mawili saruji ya msingi ilipasuka, na beringi ya upande wa mkanda ikafa kabisa. Mwandishi wa makala haya alikuwapo siku beringi hiyo ilipong'olewa, na hakuwa na jibu la haraka kwa swali aliloulizwa: "Mwalimu, kibovu nimekitoa, kizima nimekitia. Mbona basi mashine imekufa?"

Swali hilo linastahili kujibiwa kwa makini. Mashine ya kijiji ikisimama, akina mama hurudia kinu na mchi, au hujitwisha debe la mahindi na kwenda kijiji kingine. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilometa 200, na beringi ya kipimo kinachotakiwa haipatikani katika kila duka la njiani. Tena kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya mwezi Oktoba 2015 kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi, idadi ya watu waliokuwa wakiishi humo ilipita laki moja mnamo mwaka 2017. Chakula chao na cha wenyeji wa Buha ni kimoja: ugali. Popote penye watu wengi namna hiyo, kipande cha chuma chenye uzito wa gramu 200 ni jambo kubwa.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Mashine iliyoenea vijijini kwetu haisagi kwa maana ya asili ya neno hilo. Jiwe la bibi zetu ndilo lililosaga, kwa kuikandamiza na kuisugua punje kati ya jiwe na jiwe. Mashine hii hupiga. Ndani ya kifuniko chake cha duara mna shafti iliyobebwa na beringi mbili, na katika shafti hiyo zimefungwa sahani za chuma zilizounganishwa kwa pini 4. Katika kila pini zimetundikwa nyundo, ambazo si nyundo za seremala bali ni vipande bapa vya chuma, vyenye urefu wa kiasi cha sentimeta 12, upana wa sentimeta 4 na unene wa milimeta 6. Nyundo hizo zinaning'inia kwa ulegevu. Mashine ikisimama, zimelala. Ikizunguka kwa kasi, zote hunyooka kuelekea nje kama vijiti vya mwavuli uliofunguliwa. Punje ikianguka kati yake hupigwa, hurushwa ukutani, hurudi, hupigwa tena, mpaka iwe ndogo kiasi cha kupenya matundu ya chekeche lililo chini.

Hebu tupige hesabu. Tuchukue mashine ambayo ncha za nyundo zake ziko sentimeta 20 kutoka katikati ya shafti, nayo inazunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Katika mzunguko mmoja ncha husafiri meta 1.26, na kwa sekunde moja husafiri karibu meta 63. Hizo ni kilometa 226 kwa saa. Basi la Kasulu likienda nusu ya mwendo huo, abiria watapiga kelele washushwe.

Maadam nyundo hupiga nafaka, na nafaka ni laini kuliko chuma, mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini chuma kilike. Kwa hakika si nafaka inayokula chuma, bali ni mchanga. Makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya ardhi, na mahindi yaliyopukuchuliwa uwanjani, huja mashineni pamoja na chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga mweupe ni madini yaitwayo kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, kwatsi ina 7. Chuma laini kina kati ya 4 na 5 tu, na hata tupa ya fundi, ambayo ni chuma kilichokomazwa, haifiki 7. Kitu kigumu hukwaruza kilicho laini kuliko chenyewe, na hapa kukwaruzwa kwenyewe kunafanyika kwa mwendo wa meta 63 kwa sekunde. Kuanika juu ya turubai au mkeka, na kupepeta kabla ya kusaga, huongeza maisha ya nyundo bila ya gharama yoyote. Tena kusipopepetwa, mchanga huo na vumbi la chuma lililokwaruzwa huliwa. Anayetaka kuhakikisha habari ya chuma na afunike sumaku kwa karatasi nyembamba, aipitishe mara kadhaa ndani ya kilo moja ya unga uliotoka mashineni, kisha atazame karatasi kwa kioo cha kukuzia.

Nyundo hulika pembe moja tu, ile inayotangulia katika mzunguko. Pembe ikiisha kuwa mviringo haipigi tena sawasawa, na punje huteleza juu yake. Nafasi kati ya ncha na chekeche nayo huongezeka, nafaka ikazunguka ndani bila kutoka, na nguvu ya injini ikapotea kwa kuupasha moto unga. Lakini nyundo iliyolika pembe moja haijafa. Ukiigeuza upande, pembe ya pili, ambayo ni nzima, itatangulia. Na kama imetobolewa tundu kila mwisho, waweza kuipindua juu chini ukapata pembe 2 zaidi. Nyundo moja kwa hiyo ina maisha manne, na ni ajabu jinsi zinavyotupwa nyingi zikiwa zimetumia moja tu. Sharti ni kwamba zigeuzwe zote kwa siku moja.

Kwa nini zote? Hapa ndipo tunapolifikia swali la mwenye mashine wetu.

Kitu chochote kinachozungushwa hutaka kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, na hapana budi pawepo kani ya kukivuta kuelekea katikati ili kibaki katika duara. Wanafunzi wa kidato cha tano watakumbuka kwamba kani hiyo hupatikana kwa kuzidisha tungamo, nusukipenyo, na kasi ya kuzunguka iliyozidishwa kwa yenyewe, kasi hiyo ikipimwa kwa radiani kwa sekunde. Mizunguko 50 kwa sekunde ni radiani 314 kwa sekunde, na 314 mara 314 ni kiasi cha 98,600. Nyundo ya gramu 200, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimeta 14 kutoka katikati ya shafti, inavuta pini yake kwa kani ya nyutoni 2760 hivi. Huo ni uzito wa kilo 280, yaani karibu magunia matatu ya mahindi, umening'inizwa katika tundu moja dogo.

Mashine haitikiswi na kani hizo maadamu ni sawa pande zote. Pini ya juu inavutwa kwenda juu, ya chini inavutwa kwenda chini, nazo hukanushana, shafti ikawa haina habari. Sasa tia nyundo mpya 1 upande mmoja, ukaacha kuukuu ng'ambo yake. Tuseme ile kuukuu imepoteza gramu 20, nazo zimepotea nchani, kiasi cha sentimeta 19 kutoka katikati. Gramu 20 ni kijiko kimoja tu cha sukari. Lakini katika mwendo huo zinaacha kani ya nyutoni 375 isiyo na mwenzake, sawa na uzito wa mtoto wa kilo 38, na kani hiyo inazunguka pamoja na shafti, ikizivuta beringi juu, kando, chini, kando, mara 50 kila sekunde, tangu asubuhi hadi jioni. Mwenye mashine wetu alitia mpya 3. Pini alizozichagua hatukuweza kuzijua baadaye, lakini saruji iliyopasuka ni ushahidi wa kutosha.

Beringi nayo ina hesabu yake. Katika beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara 2, maisha hayapungui kwa nusu, bali hubaki sehemu moja ya nane, kwa kuwa hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ndiyo maana beringi iliyotarajiwa kudumu miaka hufa kwa majuma, na muuzaji wake akalaumiwa bure.

Dawa ni kuzipima nyundo kabla ya kuzifunga. Penye mizani nzuri ya duka inayoonyesha gramu kazi ni nyepesi, lakini hata pasipo na mizani, shule yoyote inaweza kusaidia. Tundika rula ya meta moja kwa uzi katika alama ya sentimeta 50 mpaka ikae sawa. Funga nyundo moja katika alama ya 10 na nyingine katika alama ya 90, na karibu na kila moja tundika kikopo chepesi, vikopo viwili hivyo vikiwa sawa kwa uzito na kwa umbali. Upande utakaoinuka ndio mwepesi. Kisha kwa bomba la sindano lililosafishwa tia maji katika kikopo cha upande huo mpaka rula irudi sawa. Vikopo vikiwa katika umbali ule ule wa nyundo, kila mililita 1 ya maji ni gramu 1 ya tofauti. Kwa mwalimu anayefundisha kanuni ya wenzo, hili ni somo ambalo wanafunzi wake hawatalisahau, hasa ikiwa nyundo hizo ndizo zitakazosaga mahindi ya shule.

Nyundo zikiisha kupimwa, zipangwe kwa jozi, nzito na nzito, nyepesi na nyepesi, na kila jozi ifungwe katika pini zinazokabiliana. Iliyozidi kidogo isuguliwe kwa tupa nchani mpaka iwiane na mwenzake. Lipo hata hivyo jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Jumla ya uzito wa pini ya juu yaweza kuwa sawasawa na jumla ya pini ya chini, na bado mashine ikatikisika. Hutokea hivyo nyundo nzito ya pini ya juu ikiwa mwisho wa kushoto, na nzito ya pini ya chini ikiwa mwisho wa kulia. Mashine ikiwa imesimama hakuna upande unaozidi. Ikizunguka, mwisho mmoja wa shafti huvutwa juu wakati mwingine unavutwa chini, na shafti nzima huyumba kama mtumbwi unaopigwa na mawimbi. Kwa hiyo jozi haikamiliki kwa kukabiliana tu, bali lazima nyundo zake mbili ziwe na nafasi moja kutoka mwisho wa shafti: ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili.

Nyundo zenyewe zitoke wapi? Katika miaka ya 1970 na 1980 vijiji vingi vilikuwa na mashine zilizosimama kwa kukosa vipuri, maana vipuri viliagizwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Mashirika kama SIDO, lililoundwa mwaka 1973, na TEMDO la Arusha, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, yalikusudiwa kupunguza utegemezi wa namna hiyo. Lakini kwa kipuri chepesi kama nyundo, mhunzi aliye karibu anatosha, mradi ajue anachokifanya. Mabati mazito ya chuma laini hayafai, kwani hulika upesi mno. Kinachofaa ni springi bapa ya lori, ambayo ina kaboni ya kutosha kukomazwa.

Springi ipashwe moto wa mkaa mpaka iwe laini, iachwe ipoe pole pole ndani ya majivu, kisha ikatwe na kutobolewa kwa keekee. Tundu lisitobolewe kwa kupigilia tindo, maana tundu lililopigiliwa huacha nyufa ndogo pembeni, na tundu hilo ndilo litakalobeba yale magunia matatu. Umbali wa tundu kutoka nchani uwe mmoja kwa nyundo zote, kwa sababu nyundo mbili zenye uzito sawa lakini zenye matundu yaliyopishana milimeta 3 hazina jozi.

Baada ya hapo ndipo chuma hukomazwa. Ncha ipashwe moto hadi rangi ya wekundu wa cheri, kiasi cha digrii 800 za Sentigredi au zaidi kidogo. Mhunzi asiye na kipimajoto atumie sumaku ya spika ya redio mbovu: chuma kikifika digrii 770 hivi sumaku huacha kukivuta, na hapo azidishe moto kidogo tu. Kisha ncha itumbukizwe katika mafuta, wala si katika maji, ambayo hupoza ghafla mno na kukipasua chuma cha springi. Mkoa wa Kigoma umebahatika kuwa na mawese, nayo hufaa sana kwa kazi hii, ila kwa baridi ya nyanda za juu huganda, hivyo yapashwe kwanza mpaka yayeyuke. Chombo kiwe cha chuma chenye kifuniko karibu, kwa kuwa mafuta yanaweza kushika moto.

Mhunzi akiishia hapo, ametengeneza silaha. Chuma kilichokomazwa hivyo ni kigumu lakini huvunjika kama kioo, na kipande cha nyundo kikikatika katika mwendo wa kilometa 226 kwa saa chaweza kutoboa chekeche au kurudi kwa mlango wa kutilia nafaka, mahali ambapo amesimama mtu. Hapana budi basi nyundo isuguliwe mpaka ing'ae, ipashwe tena pole pole kuanzia upande wa tundu, na kutazamwa rangi ikipita juu yake, kwanza ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ikifika nchani, kiasi cha digrii 300, iondolewe motoni. Hapo ugumu umepungua kidogo na uimara umerudi. Wapo watakaosema kwamba kazi hii haiwezekani kwa mivuba ya kijijini. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science mwaka 1978 jinsi watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria walivyoyeyusha chuma kwa mkaa na mivuba kiasi cha miaka 2000 iliyopita, sembuse kukipasha springi ambayo haihitaji kuyeyushwa.

Limezuka jambo jingine tangu mwaka 2022, Mkoa wa Kigoma ulipounganishwa na Gridi ya Taifa, na wenye mashine wengi wakashawishika kuacha dizeli na kufunga mota ya umeme. Hatua hii ni njema, lakini ina mtego. Tuseme injini ya dizeli ilizunguka mara 1000 kwa dakika, ikiwa na puli ya sentimeta 30, na puli ya mashine ni ya sentimeta 10. Mashine ilipata mizunguko 3000. Mota za umeme zinazotumika zaidi kwa kazi hii huzunguka kiasi cha mara 1450. Fundi akiihamishia mota puli ile ile ya sentimeta 30, mashine itazunguka mara 4350. Kasi imezidi mara 1.45, lakini kani hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, na 1.45 mara 1.45 ni 2.1. Yale magunia matatu katika kila tundu sasa yamepita sita, juu ya pini ambazo hazikusanifiwa kwa mzigo huo. Puli ya mota katika mfano huu inapaswa kuwa ya kiasi cha sentimeta 20 na nusu. Anayebadilisha injini bila ya kukokotoa puli anacheza na maisha ya watu, na hatuoni sababu ya kulisema jambo hili kwa lugha nyepesi.

Kuhusu beringi, yatosha kusema kwamba ipigiliwe kwa kipande cha bomba kinachogusa pete ya ndani peke yake. Ukipiga pete ya nje, pigo hupita katika gololi na kuacha vidimbwi visivyoonekana kwa macho, na beringi mpya huanza kazi ikiwa tayari mgonjwa. Grisi isijae pomoni; theluthi hadi nusu ya nafasi hutosha. Chekeche nalo ligeuzwe ili kingo kali za matundu zilizo upande wa pili zipate zamu yake. Matundu yaliyotobolewa kwa msumari juu ya bati hayafai, kwani hayana kipimo kimoja na kingo zake hukatika zikaingia katika unga.

Kabla ya kufunga kifuniko, na mkanda ukiwa umetolewa kabisa ili injini au mota isiweze kuizungusha mashine kwa bahati mbaya, zungusha shafti kwa mkono, uiache isimame yenyewe. Weka alama ya chaki mahali palipo chini. Rudia mara 6 au 7. Alama zikitawanyika huku na huku, pande zote ziko sawa. Alama ya kwanza ikirudi chini kila mara, upande huo ni mzito: toa jozi zake, uzirudishe katika rula.